Maji ya Vumbini Yafunguliwa kwa Kidole

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko mbali sana, wala si ya jirani. Atakayefika katikati ya hadithi akaanza kunong'ona "mbona kama kwetu," hiyo ni shauri yake na dhamiri yake, mimi simo. Nchi yenyewe ina mito, ina maziwa, ina mvua za vuli na za masika, na ina Wizara ya Maji na Muonekano Mzuri. Wananchi wake ni wapole. Wakipewa kofia wanavaa, wakipewa fulana wanavaa, wakinyimwa maji wanasubiri.

Basi ikazuka habari katika nchi hiyo kwamba dunia imeendelea. Waziri mwenye dhamana, Mheshimiwa Daktari Ndaro Mapambio (udaktari alipewa na chuo kimoja alichokijengea geti), alikwenda semina ughaibuni akaona watu wanaita teksi kwa simu, wanaagiza kuku kwa simu, wanachumbiana kwa simu. Akarudi na moto. Akasema haiwezekani mwananchi wa leo afunguliwe maji na mtu aliyevaa gambuti, kama enzi za mkoloni. Maji lazima yafunguliwe kwa teknolojia! Mradi ukapewa jina, Maji Mtandaoni, na bajeti yake ikawa kubwa kiasi kwamba hata waliokuwa wakiisoma bungeni walipumzika katikati wakanywa chai.

Uzinduzi ulifanyika kata ya Vumbini, kwa kuwa Vumbini iko karibu na lami na magari ya Mheshimiwa hayapendi kutikiswa. Hema likapigwa, viti vikavalishwa nguo, skrini ikasimamishwa mbele ya zahanati, pembeni ya bomba la umma ambako kata nzima ilikuwa inachota. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akainua kidole cha shahada watu wakione, akakibonyeza kwenye kishikwambi. Papo hapo maji yakatiririka kwenye skrini, ya buluu, mazuri, yenye samaki.

"Ndugu zangu wa Vumbini!" akanguruma. "Mababu zenu walichota mtoni. Baba zenu walichota bombani. Nyinyi mtachota mtandaoni!"

Makofi yalipigwa hadi viganja vikawaka. Na tangu siku ile bomba la Vumbini halikutoa tena hata tone.

*

Bi. Siwema alikuwapo kwenye hema, safu ya akina mama wa vigelegele, na alipiga vigelegele kwa moyo wote. Kwa nini asipige? Mkwewe, Kirumbi, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mtumishi wa Mamlaka ya Maji, na siku ileile ya uzinduzi alipandishwa cheo. Kabla ya hapo alikuwa akitoka alfajiri na gambuti zake kwenda "kwenye mabomba," na hakuna aliyejishughulisha kujua huko kwenye mabomba anafanya nini. Sasa alikuwa Afisa Maudhui Daraja la Tatu. Alipewa simu yenye macho matatu, fimbo ya kuishikia, na taa ya duara inayomfanya kila mtu aonekane ametoka saluni. Akahamia makao makuu, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, ananukia.

Bi. Siwema mwenyewe alikuwa mjane, mpika vitumbua, mwanamke mnene wa wastani mwenye ulimi uliojaa heshima mpaka umchokoze. Vitumbua bila maji ni unga tu, kwa hiyo biashara ililala. Hilo alilivumilia. Ambalo hakulivumilia ni hili: Zamda, huyo binti yake, alikuwa na mimba, na mimba ilikuwa imeshateremka, siku za kujifungua zimekaribia.

"Mama, nitakwambia ukweli," alisema Nesi Tumpe, mkunga wa zahanati, mwanamke asiyejua kupaka maneno mafuta. "Bila maji mimi sizalishi mtu. Si roho mbaya. Nitazalishaje kwa mikono michafu? Mwezi uliopita yule mke wa fundi baiskeli nilimpa rufaa ya hospitali ya ng'ambo ya milima. Alijifungulia njiani, kwenye toroli, na mtoto hakufika. Leteni maji, au muanze safari mapema."

Bi. Siwema alirudi nyumbani. Alimjua mke wa fundi baiskeli. Alikula pilau ya harusi yake. Usiku huo alilala chali akitazama bati mpaka majogoo.

Mtauliza, si angemuuliza tu mkwewe? Enyi watu, nyinyi hamjui ukwe wa nchi ile! Kule mkwe huogopwa kuliko trafiki. Mama mkwe na mume wa bintiye hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na kuitana kwa jina ni balaa la ukoo mzima. Bi. Siwema akiona shati la Kirumbi linaungua jikoni, atamwambia Zamda, Zamda amwambie Kirumbi, na mpaka habari ifike shati limebaki kola.

Zamda kwa upande wake alishamuuliza mumewe, akajibiwa kwa sauti ya ofisini: "Mfumo unasoma maji yanatoka."

"Mimi nakuambia hayatoki."

"Zamda, mke wangu, usiniponze. Mtumishi haruhusiwi kuzungumzia maji. Msemaji ni mmoja, Dada Tiririka."

*

Kabla ya kumtafuta huyo Dada, Bi. Siwema alifunga kanga mbili akaenda ofisi ya Mamlaka, kwa kuwa yeye ni mtu wa zamani, anaamini shida husemwa kwa mdomo. Akakuta dirisha la wateja limezibwa kwa picha ya Mheshimiwa akinywa maji. Ndani kulikuwa na shughuli kubwa. Mhasibu alikuwa anacheza dansi mbele ya taa ya duara, mkono mmoja kiunoni. Wasoma mita walikuwa wamejipanga nyuma yake wakiitikia. Mhandisi wa wilaya, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, alikuwa amevikwa kofia yenye umbo la tone la maji, na jasho lilikuwa linamtiririka kwa wingi kuliko mabomba yake yote.

"Hodi," akasema Bi. Siwema.

"Mama, umeingia kwenye fremu!" mtu akafoka. "Rudieni tena kutoka mwanzo!"

"Nimekuja kuhusu maji ya Vumbini."

"Huku hatupokei shida, mama yangu, huku ni kiwanda cha maudhui. Shida zote ni kwenye akaunti. Umetufuata?"

"Nimewafuata kwa miguu, mwanangu, mpaka hapa."

Wakacheka, wakampa chupa ndogo ya maji yenye sura ya Mheshimiwa, wakampiga picha anaipokea, wakampeleka mlangoni. Kabla hajafika kwake picha ilikuwa imeshapanda: *Mamlaka yamfikishia huduma bibi wa Vumbini.* Laiki zilimiminika. Maji ya kwenye chupa yalitosha kuoshea vikombe viwili.

*

Ndipo Zamda akachukua simu yake, akajinyoosha kitandani tumbo likiwa limetangulia, wakamwita Dada Tiririka.

Dada Tiririka hakuwa mtu. Alikuwa roboti wa kujibu, aliyenunuliwa kwa fedha za matangi manne ya maji, lakini alikuwa na adabu kuliko ukoo mzima wa wizara. Akaandika haraka haraka: "Karibu, kipenzi mteja! Niko hapa kwa ajili yako muda wote. Leo ungependa kupongeza, kushukuru, au kusifu?"

"Tafuta kulalamika," akasema Bi. Siwema.

Zamda akatafuta. Akashuka chini, akashuka tena, akakuta chini kabisa neno "Mengineyo," akaligusa. Dada Tiririka akajibu kwa furaha ileile: "Asante, kipenzi! Ili kulalamika ni lazima kwanza uwe Mteja Hai. Tafadhali tuma picha yako ukitabasamu mbele ya bomba linalotoa maji."

Bi. Siwema akaomba asomewe tena. Akasomewa tena.

"Sasa huyo ambaye bomba lake linatoa maji, atalalamikia nini?"

"Labda ladha," akasema Zamda.

Wangefanyaje? Mwenye shida si mtu wa kubishana na roboti. Wakaenda kumwona Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Lubawa, mtu mwembamba aliyekuwa na kipaji cha kukubaliana na kila aliyesema mwisho. Lubawa akafikiri, akatoa wazo, na wazo lilikuwa zuri mno, ndiyo maana lilileta balaa. Bomba la umma lilikuwa limesimama chini ya dirisha la chumba cha uzazi cha zahanati. Basi wakaweka ndoo dirishani, wakateremsha mpira mwembamba nyuma ya nguzo ya zege, ncha yake wakaifunga chini ya mdomo wa bomba. Ndoo yenyewe ya maji waliichanga majirani, huyu kopo, yule sufuria. Mwenyekiti Lubawa akaishika ndoo kwa mikono yake. Bi. Siwema akasimama mbele ya bomba, maji yakachuruzika, akatabasamu. Alikuwa hajayaona maji yakianguka kwa muda mrefu, kwa hiyo tabasamu lilitoka la kweli, meno yote nje.

Picha ikatumwa. "Hongera, kipenzi! Sasa wewe ni Mteja Hai," akasema Dada Tiririka. "Eleza lalamiko lako."

Zamda akaandika: *Vumbini hakuna maji tangu uzinduzi. Zahanati imesimamisha kuzalisha. Tusaidieni, tutakufa.*

Dada Tiririka akatulia kidogo, kama mtu anayetafuta miwani. Kisha: "Kipenzi mteja, tumechunguza lalamiko lako. Picha yako inaonyesha maji yanatoka vizuri sana. Tatizo lako limetatuliwa! Je, ungependa kushukuru?"

Zamda akaanza kulia. Bi. Siwema aliichukua simu, akaisogeza karibu na mdomo kama mtu anayeongea na kiziwi, akamtukana Dada Tiririka tusi moja la zamani ambalo sitaliandika hapa. Dada Tiririka akamtumia moyo mwekundu.

*

Sasa sikieni maajabu. Ile picha ilipendwa! Mtu wa kwanza kuiona alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, aliyekuwa akikagua akaunti ya wizara kila baada ya mlo. Akasema hii ndiyo sura ya mwananchi. Picha ikatundikwa barabarani, ikawekwa kwenye kalenda, na Bi. Siwema akatangazwa Mteja Bora wa Taifa. Mheshimiwa akaahidi kuja Vumbini kumkabidhi tuzo, kunawa uso kwenye bomba lile lile, na kurusha tukio zima mubashara.

Mwenyekiti Lubawa alikuja mbio kutoa habari. "Bi. Siwema, umetutoa kimasomaso! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Mwenyekiti, ile picha ni mpira na ndoo."

"Najua. Ndoo niliishika mimi."

"Basi tumwambie Mheshimiwa akija."

Lubawa akatazama nyuma, akatazama dari, akashusha sauti. "Mama, kuna sheria ya kusambaza taarifa za uongo mtandaoni. Ile picha umetuma wewe, ina sura yako. Ukisema bomba ni kavu, umesema picha ni ya uongo. Jela inakusubiri."

"Nani aliniambia niitume? Si Dada Tiririka?"

"Kweli kabisa. Lakini Dada Tiririka hafungiki. Wewe unafungika."

Bi. Siwema akapiga hesabu. Akifungwa, nani atakuwa na Zamda? Akakubali kwamba siku hiyo ndoo itawekwa tena dirishani na yeye mwenyewe atamimina. Lubawa akamwahidi kuwa msafara una boza la maji, na sherehe ikiisha boza litajaza pipa la zahanati. Akaapa kwa jina la mama yake.

Kwa ajili ya Zamda, majirani walikuwa wameshajaza pipa moja katika chumba cha uzazi. Maji waliyatoa mto wa mbali, wakayachemsha, wakayachuja kwa kanga. Kata nzima ilijua pipa lile ni la nani, na hata mlevi wa mtaa alipopita pale alivua kofia.

*

Siku ya siku ikafika, na Zamda akashikwa na uchungu asubuhi ileile. Watoto hawasomi ratiba za wizara.

Boza lilikuja kweli. Lilitangulia mbele ya msafara likinyunyizia barabara, ili vumbi la Vumbini lisiguse magari ya Mheshimiwa. Wanawake walisimama kando na ndoo tupu wakitazama maji yanavyozama kwenye mchanga. Lilipofika zahanati lilikuwa linakohoa hewa. Lubawa akalitazama, akamtazama Bi. Siwema kupitia dirishani, kisha akaona ni vizuri aende kupanga viti.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Nje palikuwa na zulia jekundu, bendi, Mheshimiwa Ndaro Mapambio, na Kirumbi ameinua simu yake ya macho matatu, shati limemganda mgongoni, maana alijua mkewe yuko nyuma ya dirisha lile na hakuweza kwenda. Kazi ilimkataza, na ukwe ulimkataza zaidi, kwa kuwa mama mkwe alikuwa humo ndani. Ndani palikuwa na Zamda amelalia ubavu akiuma ncha ya kanga, Nesi Tumpe amekunja mikono ya gauni, na Bi. Siwema amesimama kwenye kigoda na kopo mkononi, anachota kwenye pipa la mwanawe, anamimina kwenye ndoo ya dirishani, ili Mheshimiwa apate maji.

"Ndugu watazamaji!" Mheshimiwa alikuwa anasema. "Kuna watu wabaya, wanaotumwa na maadui wa mafanikio yetu, wanaosema Maji Mtandaoni ni picha tu. Je, hii ni picha?" Akafungua bomba. Maji yakachuruzika. Bendi ikapiga. "Leo nazindua Changamoto ya Uso Safi! Kila mwananchi anawe uso kwa maji ya Mamlaka, ajirekodi, arushe!"

Akavua miwani, akachukua sabuni, akaanza kujipaka. Ilikuwa sabuni nzuri, ya nje, yenye povu. Alijipaka kwa madaha, mashavu, paji la uso, nyuma ya masikio, kamera isikose kitu, na muda wote maji yalikuwa yanakwenda bure chini.

"Mama," akasema Nesi Tumpe kwa sauti ya chini. "Pipa limefika nusu. Na huyu amefungua njia. Ukimimina tena, mimi nitamkaribisha mjukuu wako kwa mate?"

Bi. Siwema akatazama pipa. Akamtazama mwanawe. Zamda alikuwa amemkodolea macho kama alivyokuwa akimkodolea alipokuwa mdogo mwenye homa, macho ya mtu anayeamini kwamba mama ataweza. Hasira ikampanda Bi. Siwema kutoka unyayoni, na hofu ya jela ikaondoka bila kuaga. Akaweka kopo chini.

Nje, bomba likakohoa, likatema tone moja, likanyamaza.

Mheshimiwa alikuwa amefumba macho, uso umegeuka povu tupu. Akanyoosha viganja. Hakuna. Akavitikisa. Hakuna. "Maji," akasema kwa upole wa mbele ya kamera. Kisha, "Maji, nyie." Kisha akasema neno jingine, na Kirumbi akaona idadi ya watazamaji inapanda kama bei ya sukari. Sheria za kazi zilimtaka asome komenti kwa sauti, akazisoma: "Mtazamaji anauliza, mbona yamekata? Mwingine anasema, karibu kwetu Mheshimiwa. Mwingine ametuma sura inayocheka."

"Hitilafu ndogo ya mtandao!" akapiga kelele msaidizi, akamwekea bosi wake kishikwambi mkononi. Mheshimiwa akabonyeza kwa kidole chenye povu. Skrini kubwa ikatoa maji ya buluu yenye samaki. Akabonyeza tena. Samaki wakaongezeka.

"Yananiunguza!" akalia Mheshimiwa. "Macho yangu, jamani!"

Ndani, Bi. Siwema aliegemea dirisha. Alimwona mkwewe chini yake, hatua mbili tu, kisogo kimemwelekea. Alikuwa na swali la kumuuliza. Miezi yote ukwe ulimzuia kuliuliza.

"Muulize," akasema Nesi Tumpe bila kugeuka. "Mficha uchi hazai, mama."

"Wewe Kirumbi!"

Bendi ikanyamaza. Wazee wakashika vichwa. Mama mkwe kumwita mkwewe kwa jina, hadharani, mbele ya taifa! Kirumbi aligeuka na simu yake, akainamisha macho chini haraka, lakini simu haikuinamisha macho. Nchi nzima ikamwona Bi. Siwema dirishani, jasho linamtoka, kilemba kimelala upande.

"Naam, mama," akajibu Kirumbi, sauti kama ya mgonjwa.

"Haya maji ya Vumbini, zamani yalikuwa yanafunguliwa na nani?"

"Na mimi, mama. Kwa koki. Ile ya kwenye chemba, nyuma ya zahanati."

"Na siku ya uzinduzi?"

"Siku ya uzinduzi niliambiwa nifunge, mama, ili Mheshimiwa apate kufungua."

"Ukafunga kwa kitu gani?"

"Kwa mkono."

"Na yeye akafungua kwa kitu gani?"

"Kwa kidole, mama. Kwenye kishikwambi."

"Mwanangu," akasema Bi. Siwema polepole, kama anayemlisha mtoto uji wa moto, "hiyo koki ina waya?"

Kirumbi akafikiri. Msiseme alikuwa mjinga. Mhandisi alipiga makofi siku ile, na maprofesa walipiga makofi, na mabalozi wa nchi tajiri walipiga makofi wakaomba kupiga picha na kishikwambi. Hakuna aliyejiuliza. Nani atajiuliza mbele ya skrini kubwa namna ile? Uso wa Kirumbi ukabadilika taratibu.

"Haina, mama," akasema. "Ni chuma tu."

"Basi zima hilo lisimu ukafungue maji, mkeo anazaa!"

"Siwezi kuzima, mama, tuko mubashara!"

"Basi kimbia nalo!"

Kirumbi akakimbia. Wananchi majumbani mwao wakaona mbingu, majani, mbuzi aliyeshangaa, suruali ya Afisa Maudhui, kisha mfuniko wa chuma ukiinuliwa, giza, na mkono unaozungusha gurudumu lenye kutu. Walisikia pumzi yake, na kwa mbali wakasikia sauti ya mwanamke akimwita mama yake. Watu wasiojuana walisimama mbele ya vibanda vya simu wakisema kwa pamoja, "zungusha, zungusha."

Bomba likanguruma. Likatoa hewa, likatoa tope, likatoa maji meupe yenye nguvu za kuangusha mtu, na Mheshimiwa Waziri akaingiza kichwa kizima chini yake na suti yake. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshapanga foleni.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti. Nesi Tumpe alinawa mpaka viwiko, akanawa tena, na Bi. Siwema alikaa sakafuni akalia machozi ya wazi, hakuyafuta. Mheshimiwa alituma salamu kupendekeza mtoto aitwe Mubashara. Zamda alijibu kwamba ameshapata jina, asante.

*

Mnadhani wakubwa waliona aibu? Hamuijui nchi ile. Kesho yake wizara ilitangaza kuwa matangazo ya Vumbini yametazamwa kuliko jambo lolote katika historia ya serikali, kushinda hata mazishi ya rais wa kwanza. Wataalamu wakakaa hotelini wiki nzima wakachambua ushindi huo. Wakabaini kwamba wananchi hawapendi sana maji yanapotoka. Wanapenda sana yanapofunguliwa. Waraka ukatoka: koki za kata zote nchini zifungwe mara moja, ili Mheshimiwa apite kuzifungua, moja baada ya nyingine, mubashara. Bi. Siwema alivuliwa tuzo ambayo hakuwahi kupewa, na Dada Tiririka akamfungia asimwandikie tena.

Zikafungwa. Nchi nzima ikakauka kwa nidhamu kubwa, ikisubiri zamu.

Vumbini nayo haikusamehewa, kwa kuwa picha ya kwanza ilitikisika na Mheshimiwa alionekana na povu. Ilibidi irudiwe. Kirumbi, ambaye sasa alikuwa Afisa Maudhui Daraja la Pili, akatumwa kufunga.

Alikuja asubuhi na fimbo yake na taa yake. Akazunguka nyuma ya zahanati, akasimama ghafla. Juu ya mfuniko wa chemba, mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka amekaa Bi. Siwema, miguu ameinyoosha, mjukuu amelala mapajani. Pembeni jiko linawaka, vitumbua vinaiva.

Kirumbi akainamisha macho. Mkeka wa mama mkwe haukanyagwi. Kumshika mkono ili ainuke, hilo halisemeki. Akasimama akihamisha uzito mguu huu na mguu ule.

"Mama," akasema akiitazama miti, "nimetumwa kufunga."

"Najua, mkwe wangu. Chemba hii hapa." Bi. Siwema akageuza kitumbua, hakumtazama. "Njoo uniinue."

Upepo ukapita. Mtoto akapiga chafya. Kule mbele ya zahanati zilisikika ndoo zikigongana na mtu akicheka kwa sababu amerushiwa maji.

Kirumbi akazisikiliza zile ndoo. Kisha akatoa simu yake, akawapigia makao makuu, akawaambia kwamba koki ya Vumbini imegoma kufunga, kuna tatizo la mtandao. Wakamwelewa mara moja. Jioni hiyo akaagiza kwa Zamda, Zamda akamwambia mama yake, kwamba kesho kutwa watamtuma mtu mwingine, ambaye si mkwe wa mtu.

"Mwambie," akajibu Bi. Siwema, akimhamishia mtoto kwenye bega jingine, "wamlete. Wanawake wa Vumbini tuko wengi, na mikeka tunayo."